Handaki la Watu Kumi na Wawili

Jumatano, 8 Mei

Redio inasema wiki ijayo itakuwa mbaya. Joto linapanda kutoka kusini, baridi inashuka kutoka magharibi, na sisi wa Oklahoma tuko katikati kama kawaida yetu. Vizuri! Msimu wa vimbunga ndio msimu wangu.

Miaka arobaini watu wa barabara hii wamekimbilia handaki letu, alilolichimba babu kwa sururu. King'ora kikilia, hao wanakuja na mito, mbwa na saladi ya viazi. Mimi nakaa kwenye ngazi, karibu na mlango, nawaeleza mawingu. Hakuna aliyethubutu kunikatiza.

Sasa Dwight Koehn, jirani wa ng'ambo ya barabara, amejenga handaki la zege. Lina taa. Lina viti vya kuegemea. King'ora kilipolia mwezi uliopita nilibaki na mke wangu Lavonne na paka. Paka mwenyewe alikuwa anaangalia mlango.

Ijumaa, 10 Mei

Lavonne anakohoa tangu asubuhi. Mapafu yake mabovu, kila aendako anakokota mtungi wa oksijeni. Amesema kuvu iliyo kwenye kuta za handaki letu itamuua kabla ya kimbunga, na safari ijayo atakwenda kwa Dwight. Mke wangu! Miaka thelathini na sita ya ndoa!

Nimemwahidi kupiga chokaa kuta zote. Akasema, "Ulisema hivyo mwaka juzi, Virgil. Chokaa yenyewe imegandia kwenye gunia." Nimekwenda kuangalia. Kweli imeganda. Sijui mambo haya anayajuaje.

Jumamosi, 11 Mei

Saa sita kamili king'ora cha majaribio. Mbwa wa wilaya nzima wameitikia.

Nimekwenda kituo cha zimamoto wa kujitolea. Twyla Burch, anayeshika ofisi, ana daftari la mahandaki: jina la mwenyewe, mahali lilipo, na watu wanaojificha humo. Nyumba ikilala juu ya mlango, wanajua pa kuanza kufukua. Nakala imebandikwa ukutani juu ya birika la kahawa, kila mtu anaisoma. Dwight Koehn: watu kumi. Virgil Maddox: watu wawili. Wawili!

Nikamwambia Twyla orodha imepitwa na wakati. Nikaandika kumi na wawili. Majina yote, kwa wino mweusi: Harvey Friesen na watu wa nyumbani kwake, Opal mjane, barabara nzima. Na kwa raha zangu nikamwongeza Dwight mwenyewe na mkewe.

Twyla akashangaa. "Dwight naye? Si ana lake?" Nikamjibu kwamba Dwight haliamini zege lake. Akanitazama juu ya miwani, akachukua kalamu, akaandika "tupu" mbele ya handaki la Dwight. Sikumwomba. Sikumkataza pia. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatatu, 13 Mei

Ushindi! Duka la chakula cha mifugo halikuwa na habari nyingine. Harvey Friesen ameniuliza tangu lini yeye anaingia kwenye shimo langu la kuvu. Nimemwambia tangu Jumamosi. Walicheka, lakini jina langu walilisoma.

Dwight akaja akaniwekea mkono begani, kama afanyavyo kanisani akiombea wagonjwa. "Jirani, daftari lile si la mchezo. Nikimaliza kukata majani ya ng'ombe nitapita kulirekebisha." Wivu mtupu! Bahati nzuri majani yake ni mengi.

Chokaa sijanunua. Nimechonga kibao badala yake: HANDAKI LA MADDOX, KARIBUNI. Lavonne amekiangalia, kisha akaingia ndani.

Alhamisi, 16 Mei

Saa tisa mtabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni amevua koti. Saa kumi amekunja mikono ya shati. Huku kwetu akikunja mikono, vaa viatu vigumu.

Lavonne amefunga dawa zake, amechukua mtungi na picha ya mama yake. Hakuwa na hasira. "Twende, mzee. Nafasi iko." Nimemwambia mwenye handaki haachi handaki lake. Akaningoja kidogo, halafu akavuka barabara peke yake, mtungi ukigongagonga mawe. Ilinichoma. Lakini ningeonekanaje?

Sasa saa kumi na moja. Nimesimama barazani kuangalia wingu, ndivyo wafanyavyo wanaume wa huku hadi dakika ya mwisho. Wingu limekuwa la kijani. Ndege wamenyamaza. Dwight naye yuko barazani kwake. Siingii kabla yake.

Ijumaa, 17 Mei. Hospitali

Aliingia kwanza yeye.

Mkonga wa kimbunga ulishuka nyuma ya kanisa. Nilijitupa ndani nikavuta mlango. Kelele ile sitaki kuiandika. Kisha kimya, na mlango haufunguki. Paa la banda lilikuwa limelala juu yake.

Mnara wa simu ulikuwa umeanguka, kwa hiyo zimamoto walifuata daftari. Walikuja moja kwa moja kwangu, magari mawili, misumeno yote. Handaki la watu kumi na wawili! Niliwasikia wakiita majina: Opal! Harvey! Lavonne! Mmoja akauliza kupitia ufa, "Wote wazima humo?" Nikasema wazima. Uongo haukuwa. Niliyekuwamo nilikuwa mzima.

Basi wakakata mbao polepole, wasije wakatuangushia. Saa nzima. Waliponivuta nje, mmoja akamulika tochi ndani, akamulika tena. Akaniuliza wengine wako wapi. Nikaonyesha ng'ambo kwa kidole.

Nyumba ya Dwight haikuwapo. Mti wake mkubwa wa uani ulikuwa umeangukia mlango wa zege, na ukuta wa nyumba umeangukia mti. Hakuna aliyekuwa amekwenda hata kugonga. Daftari lilisema tupu.

Walipofika chini, wote walitoka kwa miguu yao isipokuwa Lavonne. Mtungi ulikuwa umeisha. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Dwight alikuwa amepiga magoti, anampepea kwa kofia. Wanasema alimpepea muda wote ule, na kumhesabia pumzi kwa sauti.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu kwenye ukumbi huu hakuna anayekaa kiti cha karibu yangu.

Jumanne, 21 Mei

Amefumbua macho! Nimelia mbele ya nesi, sijali.

Nilipoachwa naye nikaona nimweleze mapema, kabla watu hawajamjaza maneno. Nikamwambia kosa ni la Twyla, yeye ndiye aliyeandika "tupu" kwa mkono wake mwenyewe. Lavonne akaondoa kile kinyago cha hewa. "Ninayo pumzi kidogo tu, Virgil. Siitumii kwa hilo." Akakirudisha.

Nadine, dada yake, amekuja kutoka Wichita. Anafuma pembeni, mkoba wa Lavonne umeshafungwa uko miguuni kwake. Akiruhusiwa watakwenda wote. Nimeuliza mpaka lini. Nadine hakuinua macho. "Shemeji, nenda ukale chochote."

Jumamosi, 25 Mei

Wamekwenda. Nilipunga mkono mpaka gari likaishia kwenye vumbi. Lavonne hakugeuka. Bila shaka shingo inamuuma.

Nusu ya nyumba yangu haina paa. Watu wa kanisa la Dwight wamekuja na turubai, maharage na mkate wa mahindi. Opal ameniwekea sahani mkononi bila kunitazama. Dwight mwenyewe, ambaye analala kwa Harvey na hana hata mlango wake wa kufunga, alikuwa juu ya ngazi akinigongelea misumari. Nimemwacha agonge. Si vizuri kumnyima mtu thawabu.

Alasiri Twyla amekuja na daftari jipya, akalifungua juu ya boneti ya gari. Wameanza upya wilaya nzima. Kila mwenye handaki aandike kwa mkono wake na atie sahihi, na aandike wanaoingia kweli. Akanipa kalamu kwa upole, kama anayempa mkono mfiwa. "Mmoja, Virgil. Siyo?"

Dwight aliacha kugonga. Kila mtu pale uani alikuwa akinitazama, na upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Nimeandika wawili. Nimeliandika na jina lake lote, Lavonne Ruth Maddox, nikatia sahihi.