Sentimita Tatu za Kukua

Jumanne, 9 Septemba 2025
Kompyuta ya Yasmina imefika! Mjomba wake Tajudini kaituma toka Ubelgiji. Ni zile zinazofunguka vipande vipande; kila kipande unakitoa, unaweka kingine. Ila imekuja bila disiki, kile kibao chembamba kinachotunza kazi zote. Na binti yangu anatetea memwari yake, ule utafiti wa kumalizia chuo, Jumamosi. Wa kwanza katika ukoo mzima! Mi niliishia darasa la tatu.

Kaandika karatasi nzima: disiki ya kasi, disiki ya polepole, inayopata moto, isiyopata. Anachagua kama anayechagua mume. Mwishowe kazungushia mstari ile ndogo na rahisi kuliko zote. Namjua huyu mtoto. Hataki nihangaike.

Jirani yangu, Mama Moubarak, kasema disiki ya mwanawe ni mia tano. Mia tano ya nini, hakusema. Sikuuliza. Ya Yasmina itakuwa elfu.

Jumatano, 10 Septemba
Yasmina kaenda chuo. Nimefunga mlango, nimeifungua kompyuta kwa turnevisi, bisibisi iliyokuja nayo. Mashallah! Miaka ishirini nashona, sijaona nguo iliyo safi hivi kwa ndani. Kila waya umelala mahali pake. Visi, yaani skrubu zake, ukizilegeza hazidondoki, zinabaki zimeshikilia kifuniko. Aliyeiunda alijua iko siku mama wa mtu ataichokoa.

Nikaleta futi yangu. Nafasi ya disiki: sentimita nane. Nikaandika kumi na moja. Mutoto hashonewi nguo ya kumtosha leo. Iniforomu yake ya darasa la kwanza aliivaa hadi la nne. Sasa akiwa mkurugenzi, disiki ya leo si itambana?

Alhamisi, 11 Septemba
Nimeenda Cibitoke, kwa fundi wa kompyuta, Armel. Nikaomba ya elfu, sentimita kumi na moja. Akauliza ni ya mashine gani. Nikamjibu ni siri ya familia. Akasema kompyuta za watu zinachukua nane. Za kumi na moja ni za mashine kubwa za maofisi. Maofisi! Nikajua nimefika penyewe.

Alikuwa nayo moja. Tukaelewana: yeye disiki, mi gauni la harusi la dada yake Caritas. Akajikuna kichwa.
"Mama, disiki haikui."
Nilimwonea huruma. Hana mtoto.

Jioni nimemwambia Mama Moubarak, elfu. Kaingia ndani kwake. Siku nzuri sana.

Ijumaa, 12 Septemba
Haiingii.

Nimejaribu kwa kulia, kwa kushoto, kwa bismillahi. Inachungulia nje kama mguu kwenye blanketi fupi. Na kesho ndiyo kesho! Nikawaza kifundi: kilichozidi kinapunguzwa. Nikapima sentimita tatu, nikachora mstari wa chaki, nikachukua mkasi mkubwa.

Yasmina akaingia. Akaona chaki, akaona mkasi. Alikaa mkekani akacheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea na kicheko kikakoma. Mkasi ukaniponyoka.
"Nilitaka ikutoshe siku nyingi," nikamwambia.
Akanishika mkono. "Inayokua ni mashine, mama. Disiki ikijaa unaitoa, unaweka ingine."

Tukaenda Cibitoke, yeye mbele, mi nyuma kama mwenye kesi. Mama Moubarak akatoa kichwa mlangoni, akauliza elfu inaendeleaje. Nikamwambia inapumzika.

Armel akatukaribisha. Akafungua droo, akatoa kifuko cha karatasi chenye jina langu. Ndani, disiki ya sentimita nane. Kaiweka tangu jana! Na ni elfu ile ile, imeenea katika nane. Wanaikunja vipi, sijui. Ile yangu akaifuta chaki kwa shati lake, akairudisha kabatini. Mpya ikaingia kama kifungo kwenye tundu lake. Kijana ana adabu huyo. Gauni la Caritas nitaliwekea shanga.

Jumamosi, 13 Septemba
Katetea! Mashine haikukwama hata mara moja. Nilikaa mbele, sikuelewa neno, nililia yote. Mwalimu mmoja alimtupia swali refu kama barabara ya Ruziba. Mwanangu akajibu taratibu, huku akipandisha mikono ya koti. Nililishona mwenyewe. Mikono imezidi sentimita tatu.

Vigelegele vya Mama Moubarak vilishinda vyangu. Nimemsamehe mia tano yake.

Jumapili, 14 Septemba
Yasmina bado kalala, Mungu ambariki. Jana kaniambia betri nayo inatoka, siku ikichoka, labda mwakani, ataweka mpya. Mwakani ni mbali.

Nimeipima betri sasa hivi. Lakini tatu sikuongeza, apana. Nimeongeza mbili. Mutu anajifunza.