Jemadari wa Kibanda cha Chaji

Jumamosi, 4 Juni 2016

Aibu! Jana Nyota za Nduta wameninyang'anya sayari mbili mchana kweupe, wakati nachomeka simu za wateja. Nimebaki na sayari moja kubwa, Rusumo, tena kwa bahati. Mimi, Emilian, Jemadari Mkuu wa Tai wa Ngara! Muungano wangu katika gemu hili la vita vya angani una watu wawili: mimi na Shibuda wa bodaboda. Shibuda alijiunga ili nimchajie simu bure. Wakati wa vita alikuwa amelala juu ya pikipiki.

Kiongozi wa adui anaitwa Nzeyimana. Ni mkimbizi, yuko kambini Nduta, kule Kibondo. Ana wapiganaji arobaini. Nilimwandikia kwamba wanashinda kwa sababu hawana kazi ya kufanya. Akajibu kwa upole kwamba ni kweli, kufanya kazi nje ya kambi hawaruhusiwi. Nikakosa pa kuweka uso. Nikazima simu.

Mke wangu Justina ameuliza kwenye hizo sayari hulimwa nini. Nahitaji wanachama. Kesho natangaza kanisani.

Jumapili, 5 Juni

Katekista alinipa nafasi baada ya misa. Nilisema: muungano mpya, wanachama wanatakiwa, mkutano saa nane kibandani kwangu, hapa Bugarama senta. Sikusema ni wa gemu. Mbele ya altare ungesemaje?

Wamekuja umati! Akina mama na watoto mgongoni, wazee na fimbo zao, kila mmoja na picha mbili za pasipoti. Nilipaswa kujua. Tangu wakimbizi waanze kupita wilayani kwetu, na magari ya mashirika nyuma yao, mtu akitangaza muungano huku ni kwamba ameleta mbuzi wa msaada. Wakauliza ni mbuzi wa maziwa au wa nyama. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Wakapiga makofi. Nikaufunga. Wakanichagua mwenyekiti. Bi Adelfina, mjane wa Murukulazo, amekuwa mweka hazina na tayari anataka katiba. Shibuda ni katibu. Alichaguliwa akiwa usingizini.

Bi Adelfina alibaki nyuma na mgeni wake, Niragira, aliyevuka kutoka Burundi mwaka jana. Niragira akaniamkia shikamoo, na mimi na yeye ni rika moja! Kichwa kikavimba. Akauliza kama muungano wangu una watu makambini. Walipotezana na kaka yake, Niyibizi, siku ya kuvuka. Ofisi ya wakimbizi bado wanamtafuta, ila amesikia wengi wa kwao wako Nduta.

Nikasema tuna watu kila kambi. Kila kambi! Ulimi huu utanizika.

Jumatatu, 6 Juni

Ninayemjua Nduta ni mmoja tu. Adui yangu.

Nimwombe? Atataka Rusumo. Mimi ningeitaka. Rusumo nimeijenga tangu Krismasi, ina mizinga, ina bandari ya meli, ina sanamu yangu. Nimeamua kutafakari kwanza.

Niragira amekuja na mkungu mdogo wa ndizi, akauliza kama kuna neno. Nimemwambia vijana wangu wako kazini. Ndizi nimepokea. Naona aibu hata kuziandika hapa, lakini zilikuwa tamu.

Jumatano, 8 Juni

Mpango wa hali ya juu! Nimemtuma Shibuda ajiunge na Nyota za Nduta kama jasusi. Aulize habari za Niyibizi kutoka ndani, kimyakimya, na Rusumo ibaki kwangu. Nani mwingine Ngara nzima angewaza hivi?

Jioni. Shibuda hataki kurudi. Wamempa meli mbili za kumkaribisha. Anasema kule wanasalimiana kila asubuhi. Nilipomuuliza kuhusu Niyibizi, akauliza Niyibizi gani. Muungano wangu sasa una mtu mmoja.

Niragira alikaa juu ya jiwe mbele ya kibanda tangu asubuhi. Justina akampa uji, kisha akanigeukia mbele ya wateja akauliza vijana gani hao wako kazini, kazi gani. Ilibidi nimweleze, pembeni. Akasema:

"Baba Ineza, unamnyima mtu kaka yake kwa ajili ya shamba lisilo na udongo?"

Maneno hayo yameniingia.

Ijumaa, 10 Juni

Nimeandika. Nilianza na vyeo vyangu vyote, nikavifuta kimoja kimoja. Nikasema tu kuna dada anamtafuta kaka yake.

Nzeyimana aliuliza jina la baba yao na mlima wanaotoka, yaani kijiji chao kule Burundi. Basi. Nikauliza masharti yake. Akauliza masharti gani. Rusumo hakuitaja! Akatoka kwenye gemu, akaenda kuuliza mlango kwa mlango. Kabla jua halijazama akaleta jibu: Niyibizi yupo, mzima, anashona viatu karibu na kwake.

Karibu na kwake. Niragira angejua tangu Jumatatu. Nimekaa kibandani uso mikononi, wateja wakadhani naumwa jino.

Jumamosi, 11 Juni

Nzeyimana alipiga saa nne kamili, kwa simu yake mwenyewe, akampa Niyibizi. Nami nikampa Niragira simu yangu. Ah! Alilitaja jina la kaka yake, akalirudia, akalirudia tena. Bi Adelfina akalia. Justina akalia. Mimi nililia kuliko wote.

Ndipo nilipokumbuka. Simu ya Nzeyimana iko sikioni kwa Niyibizi. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, sayari yao kuu, ambayo huilinda yeye mwenyewe, haina mlinzi. Ila simu yangu nayo iko sikioni kwa Niragira.

Nikamgusa bega. Nikamwambia akatishe kidogo, chaji inaisha, tutapiga tena. Tumo ndani ya kibanda cha kuchaji simu. Nyaya zinaning'inia hadi kichwani kwake. Alizitazama, akanitazama, akasema, "Imana iguhezagire, mwenyekiti," Mungu akubariki, akanipa simu kwa mikono miwili.

Sayari nimeiteka. Kule walikuwa wakisubiri tupige, simu mkononi mwa Niyibizi, hakuna aliyegusa gemu. Nilipomaliza nikapiga. Haipatikani. Chaji yao ndiyo ilikuwa imekwisha, na zamu yao ya kuchaji ni Jumatatu.

Niragira amerudi Murukulazo kwa miguu. Mimi ni mtu mbaya kabisa, na leo naandika hivyo bila kujitetea. Sayari mpya nimeipa jina Niragira, kwa heshima.

Kesho baada ya misa natangaza tena. Safari hii nitasema wazi kwamba muungano wetu unakutanisha ndugu waliopotezana, na kila mtu aje na simu yake, gemu nitawawekea baadaye. Niragira nitamwomba asimame atoe ushuhuda.