Paloma Anapanda Mlima

Jumapili, 12 Februari 2012

Daftari jipya. Lile la zamani limemwagikiwa na oili ya gia, Desemba yote imezama. Hasara.

Zimebaki siku tisa kufika Jumanne ya Kanivali. Siku hiyo kule kwetu mlimani kila mwenye gari hulifunga riboni na maua, akalimwagia bia magurudumu yote manne, akamwomba Pachamama, mama yetu ardhi, alilinde mwaka mzima. Gari langu, Paloma, hajaonja hata tone tangu nimnunue. Halafu watu wanauliza kwa nini anakohoa!

Nimemwahidi Yesenia kwamba Jumanne hiyo baba atafika nyumbani Caracollo na gari lake mwenyewe. Yeye ndiye atakayefunga riboni. Yeye ndiye atakayekaa kiti cha mbele, tuzunguke uwanja wa kanisa mara tatu. Ana miaka tisa, na sijamwona karibu mwaka mzima. Leo kwenye simu ameniuliza mara mbili kama nasema kweli. Mtoto wangu mwenyewe!

Basilia, mama yake, akamnyang'anya simu akasema nije na basi, nifike mzima. Basi! Nimebeba vigae mgongoni mwaka mzima hapa Santa Cruz ili nirudi kwangu nimepakata kuku wa abiria mwenzangu?

Jumatatu, 13 Februari

Vigae tangu alfajiri. Mgongo umekuwa ubao. Jioni nikafungua kabureta hata hivyo, pale petroli inapochanganyika na hewa.

Ugonjwa wa Paloma nimeugundua mimi, bila fundi yeyote. Aliyeniuzia alimtoa La Paz. Kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo walimwekea jeti ndogo. Jeti ni kile kiskrubu cha shaba chenye tundu katikati, petroli inapita humo. Huku bondeni hewa ni nzito kama uji, na petroli ya tundu dogo haitoshi. Ndiyo maana anapiga chafya, anachemka, anashindwa na baiskeli. Nikapata jeti kubwa kwa muuza vyuma chakavu, nikaifunga. Paloma akanguruma! Nikazunguka mtaa mara mbili kwa gia ya tatu.

Jirani yangu Don Rómulo alikuwa uzioni. Ni dereva wa malori mstaafu, mwenyeji wa bondeni, na tumbo lake limeegemea uzio ule tangu nihamie hapa. Akasema kazi nzuri, kolla. Kolla ndilo jina wanalotuita sisi wa mlimani. Nikashangaa, hajawahi kunisifu. Kumbe hajamaliza. Akasema ile jeti ndogo niitie mfukoni, nikianza kupanda mlima niirudishe, la sivyo gari litasongwa na petroli na kunifia njiani.

Mimi! Niliyezaliwa mita elfu tatu na mia nane juu ya bahari! Nifundishwe mlima na mtu anayeshikwa na kizunguzungu akipanda ngazi za kanisa! Nikamwambia hivyo hivyo, usoni.

Hakukasirika. Akasema, "Hata llama anayewabebea mizigo kazaliwa mlimani, jirani. Umewahi kumwona akifungua kabureta?"

Jumatano, 15 Februari

Amewaambia mtaa mzima. Mama wa dukani, badala ya kunipa mkate, ananiuliza kama jeti nimeshafungasha. Fundi viatu ananiuliza. Vigae vyenyewe naona vinataka kuniuliza.

Nikawaeleza kwa utulivu, kwa sauti kubwa. Mtu akipanda mlima anakula zaidi au anakula kidogo? Zaidi! Gari ni vilevile. Kupanda kunataka nguvu, nguvu ni petroli, petroli nyingi inataka tundu kubwa. Hata aliyeishia darasa la tano kama mimi anaona hilo.

Kisha, mbele ya mashahidi, nikachukua ile jeti ndogo nikairusha juu ya uzio wa Don Rómulo, ili jambo liishe.

Kuku wake akaimeza.

Don Rómulo akamtazama kuku, akanitazama mimi. Akasema basi safari hii sina budi kwenda na kuku. Walicheka mpaka mama wa dukani akaketi chini. Watu wa bondeni hawana adabu, na kuku wao hawana akili.

Ijumaa, 17 Februari

Nimepakia. Gunia la machungwa, mkungu wa ndizi, na feni ya dari, zawadi ya Basilia. Mpya kabisa, ina mapanga matano. Nilimpigia kumwambia. Akasema asubuhi ya leo maji ya ndoo yaliganda. Nikamwambia feni si lazima iwashwe. Hajui kupokea zawadi.

Yesenia ameshanunua riboni. Nyekundu, njano na kijani. Amezipanga kitandani ili zisijikunje.

Jumamosi, 18 Februari

Nimeondoka saa kumi na moja alfajiri. Don Rómulo alikuwa uzioni tayari, na kuku kwapani. Nikampita bila salamu.

Paloma alikwenda kama bibi harusi mpaka karibu na Yapacaní. Hapo waya wa klachi ukakatika. Mwingine angelia. Mimi nikaendelea bila klachi! Unasikiliza injini, unalegeza mguu, unausukuma mkono wa gia taratibu, na yenyewe inaingia kama kisu kwenye papai. Shida ni moja tu: usisimame.

Kwenye kizuizi cha polisi mnyororo ulikuwa umefungwa barabarani. Nikapiga honi tangu mbali, nikatoa mkono dirishani kuomba wainue. Wakadhani nashangilia Kanivali. Mnyororo wakauinua, ni kweli. Lakini na maputo ya maji, mchezo wa Kanivali, wakayarusha, yote kwenye dirisha langu lililo wazi. Polisi wa serikali! Machungwa yaliloa, mimi nililoa, hata chupi. Nikaendesha hadi Villa Tunari nikitetemeka, sikuthubutu kusimama ili nikamue shati.

Jumapili, 19 Februari

Mafundi wote wa Villa Tunari wamekwenda kucheza ngoma. Nikanunua waya mbili za breki za baiskeli, nikazisokota pamoja kwa koleo, nikapata waya wa klachi imara kuliko wa kiwandani. Naandika hili wazi kwa sababu najua hakuna atakayelisema.

Kisha mlima wa Cochabamba. Paloma akaanza kutoa moshi mweusi. Kidogo tu. Petroli ya Villa Tunari ni chafu, hilo linajulikana. Kadiri tulivyopanda moshi ukazidi, kwa hiyo petroli ilikuwa chafu zaidi kule chini ya tangi. Kwenye kona moja nilipitwa na mwanamke mwenye mkokoteni wa mahindi. Akaniuliza kama nauza mkaa.

Nimelala Cochabamba kwenye kiti cha nyuma, nimekumbatiana na feni.

Jumatatu, 20 Februari

Saa nne asubuhi nimeanza kupanda kwenda kileleni. Gia ya tatu. Ya pili. Ya kwanza. Namkanyagia aksileta mpaka chini, na kadiri ninavyomlisha ndivyo anavyodhoofika! Nimelea gari lisilo na shukrani.

Nimesafisha plagi mara tatu kwa mswaki wangu. Zinatoka nyeusi na mbichi, zinatiririka petroli. Nimetoa chujio la hewa. Nikapata kilomita mbili. Nimeshusha ndizi, nikapata nusu kilomita. Machungwa nimewagawia wapita njia. Feni sikuishusha. Mtu ana heshima yake.

Saa tisa, karibu kabisa na kilele, Paloma alikohoa mara moja akazima. Llama watano walikuja kutazama. Niliwageuzia mgongo.

Nikampigia Basilia. Nikamweleza kwamba tumekwama karibu na kilele, kwamba polisi walimloanisha Paloma, kwamba petroli ilikuwa chafu, kwamba gari lisilobarikiwa haliwezi kwenda kubarikiwa. Akasikiliza yote. Kisha akauliza, polepole kama mtu anayemuuliza mtoto kama amenawa mikono, "Baba Yesenia, kabureta umeigusa?"

Nikakata simu. Mke anayenisubiri nyumbani na chuño, viazi vyetu vya kukausha, jikoni anajuaje kabureta?

Baadaye simu ikalia tena. Alikuwa Yesenia. Akasema riboni bado hazijajikunja. Akauliza, nikishindwa kesho, je, azifunge kwenye mlango? Nikamwambia, asifunge popote. Sauti yangu ilikuwa mbaya. Ni baridi.

Jumanne, 21 Februari

Nilikesha nimejifunika gunia. Alfajiri kioo kilikuwa na barafu ndani na nje. Challa, ile baraka ya magari, hufanywa kabla ya saa sita mchana, baadaye watu wanalewa na Pachamama anakuwa ameshashiba. Nikajaribu stata mpaka betri ikabaki inanong'ona. Basi. Nikaketi barabarani, nikafikiria uso wa yule mtoto. Sitaandika zaidi hapo.

Saa mbili lori la Hilarión likatokea kilimani. Hilarión ni shemeji yangu, kaka wa Basilia, mtu wa majivuno. Nikajikaza. Nikapanga maneno yote ya kumjibu.

Lori likabadilisha gia kwenye kona, laini, bila hata mkwaruzo. Nikaudhika zaidi. Likasimama, mlango ukafunguka, ikatoka kofia ya mviringo, zikafuata sketi sita zilizovaliwa moja juu ya nyingine. Dereva ni mke wangu!

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu Juni, Hilarión alipovunjika mguu akicheza ngoma amelewa, na vitunguu havitembei vyenyewe hadi sokoni. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema kila akipiga simu mimi ndiye ninayezungumza.

Yesenia akanirukia shingoni. Amekuwa mzito. Akasema nanuka kama jiko la mafuta.

Basilia alikwisha kufungua boneti. Akanusa. Akafungua kabureta kwa bisibisi yangu bila kuniomba, akainua jeti akaitazama kwenye mwanga wa jua, akaguna. Nikamweleza kuhusu mtu anayepanda mlima na kula zaidi. Akasema mtu aliyekosa pumzi usimshindilie ugali mdomoni. Kisha akavuta waya wa redio ya gari, redio niliyoitengeneza kwa mikono yangu, akachomoa uzi mmoja wa shaba mwembamba kama unywele, akaupitisha kwenye tundu la jeti, akaupinda huku na huku, akaifunga jeti tena. Tundu kubwa likawa dogo. Dakika tano! Hakuvua hata kofia.

Tukamwasha kwa betri ya lori. Paloma akaimba.

Namshukuru Pachamama, aliona Yesenia amefika na riboni.

Ule waya wa klachi Basilia aliutazama kwa muda. Akasema huo umesokotwa vizuri. Nikajifanya sikusikia, ili arudie. Hakurudia.

Tukaingia Caracollo saa tano na nusu. Yesenia kiti cha mbele, riboni kwenye vioo, kwenye honi, kwenye masikio yangu. Bia gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Fataki. Majirani wote. Uwanja wa kanisa tulizunguka mara saba, maana kila tulipofika ya tatu alihesabu upya. Feni tumeiweka juu ya kabati. Wanaona fahari, nawajua.

Hilarión, bado anachechemea, akaniuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote kama ni kweli nilimlisha kuku jeti. Basilia na Don Rómulo wamepeana namba ya simu lini?

Jumapili, 26 Februari

Naandika ndani ya basi.

Paloma amebaki. Basilia ameamua, halafu akaniuliza naonaje. Shule ya Yesenia iko mbali, jibini inatakiwa sokoni Jumatano, na gari sasa limezoea hewa ya nyumbani. Akasema huko bondeni mimi sina kazi naye ila kumfungua. Nikamgeukia Yesenia, nikijua damu yangu haitaniangusha. Akafikiri. Akasema baba anaendesha vizuri sana, lakini mama anafika.

Walinisindikiza stendi na Paloma. Basilia usukani, Yesenia mbele, riboni moja bado kwenye kioo. Yesenia alinipungia mkono mpaka basi likapinda kona. Mimi pia nilipunga, hata baada ya kona.

Nilikuwa na huzuni halali kabisa, ya kustahili heshima. Sasa tumesimama. Basi linatoa moshi mweusi, tena kwenye mlima ule ule! Mimi ndiye mtu pekee humu ndani mwenye uzoefu na jambo hili. Nikaenda mbele, nikamweleza dereva kwa adabu kuhusu hewa, tundu na waya wa redio. Akasema, "Mzee, hii ni dizeli. Haina kabureta. Nenda kaketi."

Haina kabureta! Mtu anapewa basi la abiria arobaini na hajui kilichomo ndani yake!

Dereva amekwenda kutafuta mtandao wa simu juu ya kilima. Kifuniko cha injini, nyuma ya basi, kimefungwa kwa skrubu nne tu. Nimezitoa tatu. Mama mmoja mwenye kikapu cha mkate ameniuliza kama mimi ni fundi. Nimemwambia aniletee taa, na awaambie abiria wanipe kila redio waliyo nayo.