Gemu la Vifaru Ndani ya Bakuli la Chakula

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Mzigo kutoka nyumbani Ibaba umefika. Gunia la viazi. Katikati ya viazi, ndani ya kanga ya mama: gemu letu la zamani la kuchezea kwenye televisheni! Kaseti moja tu, ya vifaru vya vita. Pedi mbili za kuchezea. Waya wa ile ya pili una alama za meno ya dada yangu Sekela, aliyekuwa akiuma waya kila akishindwa. Siku hizi ameolewa Itumba, ana watoto wawili. Sijui sasa anauma nini.

Tatizo: sina televisheni. Anayo Ombeni, jirani wa chumba cha pili, fundi matairi ya malori. Nina miezi saba katika nyumba hii na hatujapita salamu. Kila Jumapili watu hujaa kwake na kucheka. Ukuta kati yetu ni wa tofali moja, tofali mbichi, kila neno linapita. Huwa nacheka nao, kwa kuchelewa kidogo.

Nimeamua kumwomba. Nimebeba gemu mpaka mlangoni kwake. Nimepiga hodi mara tatu, kama desturi. Kimya. Nimerudi. Nilipokaa kitandani ndipo nikagundua kwamba hodi zote tatu nilizipiga moyoni.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Mpango! Nitaligeuza liwe gemu la mkononi. Skrini yake, betri yake. Sitamhitaji mtu. Isitoshe, mtu mwenye kitu mkononi haonekani mpweke, anaonekana ana shughuli. Ofisini kwetu tunashughulikia karatasi za malori yanayovuka mpaka, na saa ya chakula kila mmoja huchati kwenye simu. Mimi pia nina simu. Huwa natazama saa.

Baada ya kazi nimekwenda kwa Nathanaeli, fundi redio, nyuma ya stendi. Ameniuzia skrini ndogo iliyotolewa kwenye lori, ile inayomwonyesha dereva kilicho nyuma yake. Akauliza kwa nini nisitafute tu mtu mwenye televisheni. Nikasema watu wote ninaowajua wamesafiri. Kisha akaniazima chuma chake cha kuchomelea nyaya bila hata kuuliza naishi wapi. Nadhani alinihurumia. Sikupenda. Nilikipokea.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Upasuaji. Nimefungua gemu na kukuta ndani kumejaa hewa! Kibao chenyewe hakizidi kiganja. Nyumba yake mpya itakuwa bakuli langu la plastiki la chakula cha mchana, maana lina mfuniko mzuri. Kibao kimeenea, isipokuwa tundu la pedi ya pili limezidi nusu kidole.

Nimepima mara tatu, kama ninavyopima kila jambo. Nimelikata. Mchezaji wa pili wa nini?

Vitufe vya pedi yangu vilikwisha kulika, kwa hiyo nimeng'oa vya Sekela. Waya wake wenye meno nao umepata kazi: umeunganisha betri. Hakuna kilichopotea. Nimeunguza kidole kimoja na shuka moja.

Gemu halikuwaka.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Limewaka! Nilikuwa nimegeuza nyaya za betri. Ila picha iko kinyume, kama kwenye kioo. Skrini hii imezoea kutazama nyuma. Nikibonyeza kushoto, kifaru kinakwenda kulia. Nitazoea.

Nimelipeleka ofisini kwa fahari. Balaa. Karani mwenzangu Tumpale alikuwa amewapikia wote kande. Akasimama mbele ya meza yangu na upawa: “Eliakim, mdogo wangu, lete bakuli nikupakulie.” Bakuli lilikuwa mapajani, limejaa vifaru. Nikasema nimefunga. Akauliza ni mfungo gani huo. Wa binafsi. Mpaka lini? Mpaka Jumamosi jioni, nikajibu. Sijui Jumamosi nimeitoa wapi.

Kucheza nako kukashindikana. Mtu aliyefunga hawezi kuonekana anapiga vifaru. Nimetazama saa.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Tumpale ametangaza mfungo wangu ofisi nzima. Saa ya chakula walizunguka meza yangu wakasimama kuniombea, nipewe kile ninachokililia. Tumpale aliweka mkono begani kwangu. Upepo wa Juni ulikuwa unapiga madirisha, vumbi na baridi, na ule mkono ulikuwa wa moto kama chapati. Tangu nihamie Tunduma hakuna aliyenigusa bega. Machozi yalikaribia.

Hapo ndipo bakuli likajiwasha lenyewe mkobani na kuanza kulia pii, pii, pii. Nikakohoa kwa nguvu kulifunika. Wakadhani nimeguswa. Wakaongeza dakika kumi.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Nimecheza kutwa. Gemu hili lina siri: wachezaji wakiwa wawili, mmoja hulinda nyumba na mwingine hutoka kupigana. Mimi nilikuwa mlinda nyumba. Siku zote. Sekela ndiye aliyetoka. Sasa nikitoka, nyumba inavunjwa. Nikikaa, maadui hawaishi. Nimefika hatua ya tatu mara kumi na nne. Na Sekela tulifika ya ishirini.

Sekela amepiga simu. Akauliza kama pedi zote mbili zilifika. Nikasema zilifika. Ni kweli, zilifika.

Mfungo umekwisha saa kumi na mbili jioni. Nimekula viazi mpaka nikaogopa.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Mlango umegongwa. Mlango wangu! Nikajua ni mwenye nyumba, nimekosea kitu. La. Ombeni, amenawa, ila harufu ya mpira haijamtoka.

“Karani! Ule mlio wa vifaru tangu jana, ni wewe?”

Nikakiri. Nikaomba radhi kwa kelele.

“Kelele gani! Mimi na marehemu kaka yangu tulilimaliza lile. Nilikuwa natoka mimi, analinda yeye. Leo wenzangu wote wamekwenda harusini Vwawa, nimebaki na televisheni kama mlinzi. Lete na pedi zote mbili.” Akacheka. “Miezi saba nasubiri upige hodi, bwana. Nikasema basi, msomi hataki watu wa matairi.”

Nikamwonyesha bakuli. Alilishika kwa mikono miwili kama anashika kifaranga. Akasema kweli nina kichwa. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule.

“Na ya pili inachomekwa wapi?”

Nikamwonyesha mahali nilipokata. Akanirudishia taratibu. Akasema si neno, njoo hivyo hivyo, chai iko jikoni, atacheza mmoja, mwingine atatazama. Nikasema nakuja sasa hivi.

Hiyo ilikuwa saa tisa. Sasa ni saa kumi na moja.

Siwezi kwenda kwa mtu na kitu nusu. Lakini nimepata mpango! Nathanaeli ana gemu jingine kuukuu rafuni. Nitatengeneza bakuli la pili, la Ombeni. Yeye chumbani kwake, mimi kwangu, waya katikati. Atatoka yeye, nitalinda mimi. Hakuna atakayelazimika kumgongea mwenzake mlango. Kinachotakiwa ni tundu dogo tu ukutani, na kwa tofali mbichi bisibisi inatosha.

Nimeshaanza. Nimefika urefu wa kidole. Upande wa pili nimesikia vikombe vikiwekwa mezani. Kimoja. Halafu kingine.

Natoboa polepole, nisimsumbue.