Cheti cha Kusahau

Kalamu Mbili alilisoma mara mbili tangazo la ukutani pale hospitali, na kwa mtu ambaye maisha yake yote alitegemea watu wasiosoma wanachokitia sahihi, hilo lilikuwa jambo kubwa. Watafiti walitaka wazee waliozidi miaka sabini. Wangepigwa picha za ubongo, ijulikane kwa nini wengine husahau hata majina ya watoto wao na wengine huzeeka na akili zao timamu.

"Riziki hiyo," alijisemea, akazinyoosha zile kalamu mbili za mfukoni zilizompa jina na udaktari kwa pamoja.

Kufikia Jumatatu alikuwa amefungua kituo cha utafiti katika chumba cha nyuma cha saluni ya dada yake. Mashine ilikuwa ile kofia kubwa ya kukaushia nywele. Picha za ubongo zilikuwa za kabichi iliyokatwa katikati. Usicheke, msomaji, kabichi ikipigwa picha vizuri ina heshima kuliko vichwa vingi tunavyovijua.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana mwenye viatu vya kung'aa na haraka ya kurithi.

"Shangazi yangu ana nyumba ya ghorofa," alinong'ona. "Nikipata cheti kwamba amepoteza kumbukumbu, nyumba nitaisimamia mimi. Wewe nitakupa duka la mbele, uhamishie kituo chako."

Duka la mbele! Kalamu Mbili aliandika cheti, akatia sahihi na kugonga muhuri kabla hata shangazi mwenyewe hajaonekana.

Shangazi akaja kesho yake saa nne asubuhi, mkoba mpana kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa mabomba?"

Roho ya Kalamu Mbili ikatulia tuli. "Mimi ni daktari, bibi. Nakutajia maneno matatu: kitanda, ndoo, ufunguo. Haya, yarudie."

"Yapi hayo?"

Kazi imekwisha, akawaza. Kwa madaha akamwonyesha picha ya ubongo wa mgonjwa mwingine. Bibi akaisogeza karibu na macho.

"Maskini! Mbona ubongo huu una kiwavi?"

"Huyo ndiye anayekula kumbukumbu," akajibu daktari bila kupepesa.

Bibi akaikodolea macho ile kofia. "Naogopa, mwanangu. Ingia wewe kwanza nione. Ila jirani yangu alipopigwa picha hospitali aliambiwa avue vyuma vyote, mashine ina sumaku. Au hii yenu ni ya kukaushia nywele?"

"Sumaku kali sana, bibi!"

"Basi vua, isije ikakudhuru."

Angefanyaje? Alivua saa, pete na mkanda. Bibi alishika mkoba wazi, akivipokea kimoja kimoja kwa huruma. "Na simu. Na funguo. Kalamu nazo si zina springi? Na muhuri huo. Na lile jalada pale, naona lina pini." Cheti kilikuwa ndani ya jalada, na jina la yule kijana limeandikwa humo kama msimamizi wa nyumba. Kalamu Mbili akakaa chini ya kofia, ikanguruma, akafumba macho na kutulia kama alivyozoea kuwaelekeza wengine: mgonjwa asitikisike dakika ishirini.

Alipofumbua, mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

Dada yake ndiye aliyemfungulia, kwa ufunguo wa akiba, na aliposikia mkasa alicheka hadi akakaa sakafuni. "Yule bibi? Si ndiye watafiti wa kweli wanampiga picha mwaka wa sita sasa! Wanashangaa hasahau kitu. Mimi hunitajia hadi gauni nililovaa siku nilipomsuka mara ya kwanza."

Kalamu Mbili alitimua mbio hadi kwenye lile ghorofa, mkono mmoja umeshikilia suruali. Alimkuta kijana wa viatu vya kung'aa anagonga mlango. Dirisha la juu likafunguka.

"Bibi, vitu vyangu! Na cheti!"

"Vitu gani, baba?"

"Ulivyovichukua asubuhi!"

"Sikumbuki. Daktari mmoja amethibitisha kwamba sikumbuki, tena kwa muhuri. Wewe ni nani umbishie daktari?"

"Shangazi, ni mimi!" kijana akalia.

Bibi akamtazama, na safari hii hakuwa na mzaha machoni. "Nilikuwa na mpwa mmoja niliyekusudia kumwachia nyumba hii," alisema. "Jina lake nalo limenitoka kabisa."

Akafunga dirisha.