Kamati ya Kwenda Alaska

Jumatatu, 19 Mei

Mke wangu Tumpe amepata likizo. Wiki mbili nzima, kuanzia tarehe 14 Juni. Ya kwanza kwa miaka saba! Anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee hapa Marekani, mjini Brooklyn Center, na akirudi nyumbani anasinzia na kijiko mkononi. Safari zetu nyingine zote zilikuwa za Jumamosi moja moja, na zote niliziharibu mimi. Chicago tuliishia kituo cha mafuta, tunasubiri tairi. Nikamwahidi ziwa. Nikampeleka ziwani. Kumbe lilikuwa la mtu, na mwenyewe akatoka na mbwa.

Ameniuliza taratibu safari hii tunakwenda wapi. Nikasema Alaska. Sijui kwa nini. Nadhani ni Felician. Huyu Felician alisoma chuo hapahapa, sasa anafanya kazi ofisini, na ile kadi ya ofisini anaivaa shingoni hata kanisani. Jana alitembeza picha yake akiwa amesimama mbele ya barafu ya Alaska.

Tumpe akasema sawa, Baba Tulia. Lakini Jumapili tarehe 8 Juni anataka aone vitu vitatu: gari, njia na siku ya kuondoka. Kimoja kikikosekana, likizo yake anaila na Njeri, Mkenya wanayefanya naye kazi, na mimi nibaki na magodoro. Mimi nabeba magodoro bohari moja kule Maple Grove. Kutwa nabeba usingizi wa watu.

Siku ishirini. Nyingi mno!

Jumanne, 20 Mei

Nimepanga njia. Rahisi kuliko nilivyodhani. Kwenye taarifa ya hali ya hewa wanaonyesha ramani ya Marekani yote, na Alaska iko chini kushoto, ndani ya kiboksi, chini kidogo ya California, jirani na Mexico. Unashuka kusini siku tatu, unakata kulia, umefika.

Nikamwonyesha binti yangu Tulia, ana miaka kumi na minne. Akacheka mpaka akakaa chini. Kiswahili anakielewa vizuri ila hunijibu kwa Kiingereza, kwa hiyo kucheka kwenyewe kulikuwa kwa Kiingereza. Alaska iko juu kabisa, akasema, ng'ambo ya Kanada. Wameiweka kwenye kiboksi kwa sababu nafasi haitoshi. Nikauliza nani aliwaruhusu. Nikauliza kwa nini kitu cha baridi wakiweke karibu na Mexico. Akaniuliza nilisoma wapi. Nikamwambia darasa la saba, Rungwe, na ramani yetu ya ukutani ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia Misri kwenda juu.

Basi, ni juu. Nimekubali. Lakini kiboksi kimenikaa kichwani.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemwambia Hemed. Siri, mtu mmoja tu! Hemed ni mtu wa Tanga, rafiki yangu, tunapanda basi moja asubuhi. Akashtuka. Akaniuliza kamati iko wapi. Nikasema ni mimi, mke na mtoto. Akanitazama kama mtu anayeoza binti kimyakimya. Harusi ina kamati, msiba una kamati, hata mtoto akimaliza darasa la kwanza watu wanakutana. Sembuse Alaska?

Hadi muda wa chakula cha mchana kundi la WhatsApp lilikuwa tayari. KAMATI YA SAFARI YA ALASKA, kwa herufi kubwa. Watu thelathini na mmoja. Mwenyekiti: mimi. Niseme ukweli, moyo ulipanda. Sijawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote.

Katibu: Felician! Nikampigia Hemed kuuliza nani amemwalika. Akasema Felician ana printa.

Jumamosi, 24 Mei

Gari limepatikana! Msimamizi wangu wa bohari, mzee wa Kizungu, ana RV imekaa tu uani kwake. RV ni gari la kulala: vitanda sita, jiko, choo, pazia. Nimemsaidia kuhamisha kabati mara tatu, na amesema nichukue mwezi mzima, nirudishe safi.

Alinieleza kila kitu. Kuna tangi la maji safi, tangi la maji ya kijivu na tangi la maji meusi. Nikaitikia kwa kichwa. Mpaka sasa nawaza maji meusi. Nani anayanunua?

Nimeliendesha mwenyewe hadi Brooklyn Center. Refu kama darasa. Nilichukua njia mbili, wakati mwingine na nusu ya tatu. Watu walinipigia honi, nami nikawapungia. Nimeliacha kwenye maegesho ya kanisa kwa sababu kurudi nyuma sikuweza. Ndani ya oveni alikuwamo kindi. Tulitazamana. Akatoka yeye.

Tumpe alikuja kuliona. Akakaa kwenye kitanda cha nyuma, akavua viatu, akafumba macho kama dakika mbili. Sijawahi kumwona akifumba macho kabla ya kupanga saa ya kumwamsha.

Gari, tayari.

Jumapili, 25 Mei

Kikao cha kwanza, baada ya ibada. Saa mbili na nusu.

Ajenda ya kwanza: rangi ya sare. Kinamama walitaka kitenge cha kijani. Felician akataka bluu, akasema kijani itapotelea msituni. Mama mmoja akamwuliza kama yeye anakwenda Alaska kupigwa picha au kuwindwa. Zogo! Tukapiga kura mara mbili. Tukaahirisha.

Kisha wakahesabu wasafiri. Kumi na tisa. Nikasema kwa upole vitanda ni sita. Hemed akasema watu watalala kwa zamu. Nikakohoa, nikasema mimi nilikuwa na maana ya familia yangu tu. Wakanikodolea macho! Kama nimemtukana marehemu. Mzee mmoja wa kanisa akauliza pole pole: kwa hiyo sisi wengine hapa tumekuja kufanya nini?

Nikanyamaza. Felician akaandika kwenye muhtasari kwamba mwenyekiti ameafiki.

Jumapili, 1 Juni

Kikao cha pili. Tumechagua mshereheshaji. Mshereheshaji wa gari! Tumeunda kamati ndogo ya chakula na kamati ndogo ya maombi. Mapendekezo ya chakula: viazi magunia mawili, ndizi za kupika na mbuzi. Nikauliza mbuzi mzima au nyama. Suala likapelekwa kamati ndogo.

Tumpe alipita anakwenda kazini, akasimama mlangoni na sare yake ya kazi, akasikiliza. Nyumbani akaniuliza swali moja: nani anaendesha? Nikasema hiyo ni ajenda ya saba, leo tulifika ya tatu. Akasema zimebaki siku saba pia.

Felician ameandika kwenye kundi: kila msafiri alete pasi ya kusafiria, njiani kuna Kanada. Ametuma na njia yote, amechora mstari mwekundu, kila kituo cha kulala kipo. Lazima nikiri ni nzuri. Nimekasirika.

Lakini njia, tayari.

Jumatano, 4 Juni

Nimetafuta pasi yangu. Tumpe ni raia wa hapa, ana pasi ya bluu. Tulia alizaliwa hapa. Mimi nina kadi ya ukaazi na pasi yangu ya Tanzania, na Felician anasema mpakani wanataka vyote viwili, na vyote viwe hai.

Nimeipata chini ya sanduku, ndani ya soksi. Picha ya kijana mwembamba mwenye matumaini. Nikaangalia tarehe. Nikaangalia tena. Nikavaa miwani ya Tumpe. Imekufa mwaka 2021.

Sijamwambia mtu. Nimetafakari, nimepata ufumbuzi: mwenyekiti haonyeshi nyaraka. Ni suala la heshima ya kiti.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeandika kwenye kundi kuhusu heshima ya kiti. Watu wanne wameweka vidole gumba. Felician ameuliza ni kifungu gani. Kumbe tuna katiba! Kurasa tisa. Ameichapa yeye.

Leo godoro kubwa limeniangukia. Nililala chini yake dakika tatu kabla sijaita watu. Palikuwa pametulia.

Jumamosi, 7 Juni

Leo ilikuwa uzinduzi wa gari. Siku mbaya.

Ilianza vizuri. Maegesho yamejaa, utepe umefungwa kwenye kioo cha mbele, pilau inatoa mvuke mle mle ndani ya RV mpaka king'ora cha moshi kikalia, na mshereheshaji akawaambia watu ni muziki. Mchungaji aliombea kila tairi peke yake. Akauliza yako mangapi. Sita, ya nyuma yamebebana mawili mawili. Akaombea na la akiba.

Kisha Felician akashika kipaza sauti. Akasema amekusanya pasi zote isipokuwa moja. Watu wote wakageuka. Nikampa. Nilidhani ataangalia picha tu! Akafungua, akaiinua mbele ya macho, akasoma tarehe. Kwenye kipaza sauti. Nadhani hakukusudia. Alishtuka hata yeye, akazima, lakini alizima baada ya kuusoma mwaka.

Tumpe alikuwa amesimama karibu na sufuria. Hakufoka. Alinitazama, akarudi kugawa pilau. Afadhali angefoka.

Wakati huohuo Njeri alikuwa anazunguka gari, mikono kiunoni. Akauliza nani amepaki hii kitu hivi, na kama huyo mtu ako na macho. Akapanda, akawasha, akarudi nyuma kati ya nguzo mbili za taa, mara moja, mkono mmoja. Kumbe kabla ya uuguzi aliendesha malori Nakuru. Watu wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga makofi kidogo, nikajizuia.

Jumapili, 8 Juni

Ndiyo siku aliyoipanga. Tumpe alikuja kikaoni mwenyewe, akaketi mbele, akaomba kusema. Alitaka vitu vitatu, akasema, na vitatu vipo. Gari lipo. Njia ipo, Felician amechapa. Tarehe ni ile ile. Anayekosekana ni mume wake tu, na hilo halikuwamo kwenye orodha.

Kwa hiyo wanakwenda yeye, Tulia, Njeri na Lois wa kwaya. Vitanda sita, watu wanne. Watakwenda kaskazini siku saba, watafika watakapofika, kisha watageuza. Hakuna mbuzi. Nguo kila mtu atavaa yake. Msimamizi wangu, Tumpe alishampigia simu, naye amekubali Njeri aendeshe. Maneno yote dakika nne! Na ya maji meusi amemwuliza, ameelewa, amekataa kunieleza akiwa anakula.

Waliokuwa waende wakanung'unika. Njeri akawauliza nani yuko tayari kumwaga choo kila asubuhi. Wakaacha kunung'unika. Kura zote zikasema ndiyo. Kwa mujibu wa katiba, anayetangaza matokeo ni mwenyekiti. Nikatangaza.

Ijumaa, 13 Juni

Nimesaini barua ya kumruhusu Tulia avuke mpaka bila baba yake. Felician aliileta imechapwa. Ndiyo kazi pekee niliyoifanya katika safari hii na ikakamilika.

Jumamosi, 14 Juni

Wameondoka saa moja asubuhi. Tumpe alinikunjia kola vizuri, akasema ndizi ziko kwenye friji, nile, na nishughulikie pasi. Nikasema Jumatatu. Akasema amesikia. Tulia akanikumbatia na kusema kwaheri baba, kwa Kiswahili. Nilitaka kumwuliza kama amekosea.

Njeri akapiga honi. Gari likakata kona kama baiskeli. Nilibaki maegeshoni na utepe. Felician akanipa muhtasari wa vikao vyote nisaini. Akasema pole, ndugu yangu. Alisema kwa moyo, ndicho kinachoudhi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefungua mtandao kuhusu pasi. Inataka cheti cha kuzaliwa. Nimefunga.

Jumanne, 17 Juni

Njeri ametuma picha. Tumpe kwenye kiti cha kukunja, kando ya maji, mchana kweupe, amelala mdomo wazi, viatu viko mbali naye. Hakuna kijiko mkononi. Nimeitazama kuanzia Maple Grove mpaka nyumbani, nikapitiliza kituo. Nilitaka kuwapo pale. Ningekaa tu, nisiongee.

Jumatano, 18 Juni

Nimesinzia kwenye kochi, nikaamshwa na taarifa ya hali ya hewa. Na kiboksi kile hapo! Chini ya California. Tulia alisema ni suala la nafasi, lakini juu ya Marekani nimeona nafasi tupu kibao, rangi ya kijivu, hakuna hata mji. Wangetaka kuiweka juu wangeiweka. Hawa watu wana satelaiti. Wakosee jimbo zima kila jioni?

Nimemwita Hemed atazame kwa macho yake. Ametazama. Amesema naye anaiona hapo hapo. Na la muhimu zaidi: kati ya California na kiboksi hakuna Kanada. Hakuna mpaka, hakuna pasi. Kuna maji kidogo tu, kama upana wa kidole. Tukiwahi tutafika kabla ya kina Tumpe, anafungua mlango wa gari asubuhi na mimi nimesimama pale, nimeshika kiti cha kukunja. Cha pili.

Nikamwomba Hemed safari hii iwe siri yetu wawili.

Kundi jipya tayari lina watu kumi na wanane. Kikao ni Jumapili baada ya ibada. Ajenda ya kwanza, rangi ya sare. Nitaunga mkono kijani.