Laazizi Wangu Haondoki

Jumatatu, 3 Machi

Nimeolewa! Naandika tena kwa sababu inanipendeza: nimeolewa! Wiki ya tatu hii na bado nikiamka namtazama Laazizi wangu kama mtu aliyeokota johari barabarani, anayeogopa mwenyewe atatokea kuidai.

Na leo mwenyewe katokea. Idara ya Uhamiaji.

Laazizi hakuzaliwa nchi hii. Kibali chake kinaisha mwisho wa mwezi. Mimi mkewe, mwenyeji, ndiye mdhamini wake, na nimeshasaini kila palipo na mstari, pamoja na mstari mmoja uliokuwa pambo tu la ukurasa. Sasa wanataka picha za uhusiano wetu "za nyakati mbalimbali", halafu twende kuhojiwa. Wakiona ndoa ni ya kubuni, aondoke.

Aondoke! Hapo nimeigonga meza, ndiyo maana wino umechafuka.

Picha zote za uchumba zilikuwa kwenye simu yangu. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya kudekia pale dukani ninapouza viatu, nilipoinama kumchungulia Laazizi akipita nje na trei ya mikate. Zimebaki mbili. Ya harusi, kafumba macho. Ya pili ni sikio lake. Sikio zuri mno, lakini ni sikio.

Laazizi kashauri tuwaambie ukweli: simu ilizama, basi. Malaika wangu! Nimemjibu kwamba ukweli hauna picha.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya mfadhaiko. Asubuhi mlango umegongwa mara tatu, kiserikali kabisa. Nimefungua nikakuta mwanamume mwenye kofia na ubao wa kuandikia. Nikamkaribisha kwa heshima zote. Nikamwekea chai. Nikamwonyesha cheti cha ndoa, mbele na nyuma. Nikamweleza jinsi Laazizi alivyonipenda tangu siku niliyoingia kwenye duka la mikate nikasahau nilichofuata. Nikalia kidogo, si kwa kuigiza.

Akanywa chai yote. Akanipongeza. Akauliza mita ya maji iko wapi.

Mbaya zaidi, Bi Fagio alikuwa mlangoni akisikiliza. Huyu ni jirani yetu wa chini, mama mtu mzima asiyeachana na fagio lake, na sidhani kama amewahi kufagia. Analitumia kuegemea apate kusikiliza vizuri. Kaniuliza, binti, kulikoni kumlilia msoma mita? Nikamwambia nina mafua. Kaniangalia juu hadi chini. Kasema mafua ya nyumba hii yana makelele sana, hasa alfajiri.

Anajua kitu huyu. Atatuchoma.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata suluhisho! Kichwa changu kikitulia ni hazina.

Tumekwenda kwa mpiga picha tukiwa na sanduku kubwa la Laazizi, ndani yake nguo zake zote na nusu ya zangu. Studio ina mapazia matatu: bustani, maporomoko ya maji, na ngazi za jumba la kitajiri. Tumepiga picha kumi na moja. Kwenye bustani tumejuana tu, kwa hiyo tumesimama mbalimbali. Kwenye maporomoko tumeshikana mikono. Kwenye ngazi tumevaa makoti, msimu wa baridi, na hapo nimemwegemea begani kwa moyo wote hadi mpiga picha akakohoa.

Laazizi alikuwa mnyonge. Jana alijigonga kwenye mlango wa tanuri kazini na amebandika plasta juu ya nyusi. Aliniuliza, mke wangu, hivi hatudanganyi? Nikamwambia tunadanganya tarehe tu, mapenzi ni yaleyale. Alitaka kuibandua plasta, nikamkataza, kidonda kingetisha watu. Paka wa mpiga picha alikuwa akitupitia miguuni kila mara na Laazizi akimwondoa taratibu kwa kiatu. Hata paka hampigi! Nani atamfukuza mtu kama huyu?

Nyuma ya kila picha nimeandika tarehe yake. Miaka miwili ya mapenzi kwa mchana mmoja!

Jumapili, 9 Machi

Sijalala vizuri. Sanduku lilikuwa nyuma ya mlango, limejaa, limefungwa, limesimama wima. Kama msafiri anayengoja kuitwa. Kila nikigeuka linanitazama.

Asubuhi Laazizi alipokwenda kazini nimelibeba hadi kwa Dada yangu, lote na nguo zake. Nimemwachia Laazizi sare ya kazi, shati moja, na viatu nilivyompa siku ya harusi. Dada kanishangaa. Kasema, mdogo wangu, sasa shemeji atavaa nini, shuka? Nikamwambia bila sanduku hawezi kusafiri, na asiyeweza kusafiri haondoki. Dada akaniwekea kiganja kipajini kuona kama nina homa.

Nikamweleza Laazizi jioni. Akasema shati moja linamtosha, akaenda kulifua. Nikalia tena. Nina mume mimi!

Jumanne, 11 Machi

Mungu wangu. Mungu wangu.

Tumehojiwa. Chumba kimoja, meza moja, feni inayozunguka bila upepo. Afisa ana miwani yenye mnyororo na sauti ya upole, ile sauti ya daktari kabla hajakuambia. Laazizi alitolewa nje, nikabaki peke yangu.

Kapanga picha zetu mezani kama karata. Kazitazama. Kavua miwani, kaifuta, kazitazama tena. Kaniuliza mume wangu aliumia lini. Nikauliza, aliumia wapi mheshimiwa? Akagusa nyusi. Hapo ndipo nilipoiona. Plasta! Bustanini, plasta. Maporomokoni, plasta. Katika msimu wa baridi wa mwaka juzi, plasta!

Nikasema Laazizi ni mrefu na tanuri lina mlango, basi hujigonga. Kauliza kama hujigonga palepale kila mara. Nikasema ndiyo, kwa sababu mlango hauhami. Jibu zuri! Nilijivuna kwa muda mfupi sana. Akasogeza picha mbili karibu yangu. Akaonyesha kwamba plasta zote zimebanduka kona moja, ileile ya kushoto, kwa kiasi kilekile.

Nikasema Laazizi ni mtu mwenye mazoea.

Kaandika. Sijui kaandika nini, ila kalamu ilikwenda muda mrefu. Kisha nikatolewa, Laazizi akaingizwa, akatoka uso umetulia. Nilipomuuliza kasema nini, akajibu kwamba kasema kweli. Yote? Yote. Na plasta? Na plasta.

Nimekaa kwenye ngazi za ofisi na watu wakawa wananiruka. Afisa katuambia atakuja nyumbani siku asiyoitaja.

Jumatano, 12 Machi

Sijakata tamaa. Makosa yetu ni nini? Vielelezo havikutosha! Afisa akija akute nyumba imejaa mume.

Nimetoka kazini mapema nikanunua miswaki mitatu ya kiume, ndara za kuogea, kikombe kilichoandikwa BABA, na gazeti la michezo. Laazizi hasomi michezo. Nimelikunja katikati lionekane limesomwa. Kila hatua ngazini naruka. Mpangaji wa juu kashuka mara nne leo, nami mara nne nimekimbia kulifunua lile gazeti.

Bi Fagio kanisimamisha. Kasema ana neno na mimi kuhusu mume wangu, nikapenya chini ya fagio lake nikakimbia. Nasikia alikwenda pia kwa mwenye nyumba kulalamika. Kumbe ni kweli, anatuchimba. Bibi huyu na Uhamiaji lao moja.

Ijumaa, 14 Machi

Amekuja. Nitaandika kwa mpangilio.

Nilikuwa peke yangu. Laazizi alikuwa bado kazini. Mlango ukagongwa nami nikajua, kwa sababu safari hii uligongwa kwa upole. Afisa akavua viatu, akaomba kuona nyumba.

Msalani akahesabu miswaki. Mitano. Kauliza tunaishi wangapi. Mitatu ilikuwa bado kwenye pakiti. Akaziinua ndara, nazo zikageuka zikaonyesha kibandiko cha bei. Akakishika kikombe cha BABA, akauliza kama tuna mtoto. Nikasema tunatarajia kutarajia.

Kisha akafungua kabati.

Upande wangu, magauni. Upande wa Laazizi, hanga tupu. Zilikuwa zinabembea kidogo na kugongana, ti, ti, ti. Sauti hiyo nitaisikia hadi kaburini. Kaniuliza kwa upole wake uleule, mama, mume wako anaishi hapa kweli?

Nilitaka kusema nguo ziko kwa dobi. Nilitaka kusema zimeibwa. Niliziona siku zote zilizobaki za maisha yangu zikining'inia kwenye hanga zile. Akaandika, akaaga, akavaa viatu, akashuka.

Na chini, nani kamdaka? Bi Fagio! Nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya ngazi nikasikiliza na kuchungulia kati ya nguzo za ngazi. Kamuuliza, mwanangu, wewe ni wa serikali? Afisa kasema ndiye. Bibi kasema alhamdulillahi, kangoja mtu wa serikali wiki tatu.

Nikafumba macho. Kwisha.

Akafunguka. Kasema hao wa juu wamemtoa roho. Kila alfajiri, mwanangu, kila alfajiri ya Mungu, yule mwanamume anashuka kazini na viatu vinavyompwaya. Akifika hapa penye kona, kimoja kinamvuka. Pa! Kinabingirika hadi mlangoni kwangu. Namsikia ananong'ona, samahani bibi. Kisha mke anatoa kichwa dirishani na kuita, umekunywa chai, asali? Saa hiyo jogoo mwenyewe hajaamka! Mume anajibu, nimekunywa, asali. Mke anauliza, utanikumbuka? Mtu anakwenda kuoka mikate, mwanangu, haendi vitani! Jumapili wanaimba bafuni, na yule binti hana sauti. Wafukuzeni au wanunulieni viatu.

Viatu! Namba nimeipima mimi mwenyewe, mimi muuza viatu, nikaongeza moja kwa sababu ya msisimko. Laazizi hajawahi kuniambia kuwa vinampwaya. Hata mara moja.

Wakati huohuo mlango wa chini ukafunguka. Laazizi, na mkate kwapani. Akamwamkia bibi, akamsalimia Afisa, akaanza kupanda. Alipofika penye kona: pa!

Bibi akapiga kelele, si hicho! Kakisikia mwenyewe!

Afisa akakiokota. Akakigeuza. Akamuuliza Laazizi nguo zake ziko wapi. Nikaomba ardhi inimeze. Laazizi kasema ziko kwa shemeji yake, kwenye sanduku. Kwa nini? Kasema, mke wangu anaogopa akiliona. Anadhani likiwa ndani nitaondoka. Basi nikaona afadhali nifue shati kila jioni kuliko yeye aogope.

Hata fagio lilitulia. Afisa kavua miwani, na safari hii hakuifuta, alijifuta macho. Akampa kiatu chake. Akamwambia Bi Fagio kwamba malalamiko yake yamepokelewa na yatasaidia sana.

Sijui yatasaidia nani. Naogopa kuliko jana.

Alhamisi, 20 Machi

KIBALI! Kibali kina muhuri, kina picha ya Laazizi, na kwenye picha HANA PLASTA!

Mwaka mmoja, kisha tunaomba upya. Afisa katuita mwenyewe. Katurudishia picha zote kumi na moja kwenye bahasha na kuniambia, mama, hizi ziweke nyumbani, mwakani leta za kweli, hata kama ni mbaya. Kasema pia niende nikachukue lile sanduku. Nikaahidi yote mawili huku nalia juu ya meza yake hadi akaihamisha mihuri.

Nimempelekea Bi Fagio mkate mzima. Kaupokea kwa ncha za vidole. Kauliza, kwa hiyo hawawafukuzi? Nikamkumbatia pamoja na fagio.

Laazizi nimempa viatu vipya, namba yake kabisa. Kavivaa, kazunguka chumba, kasema vizuri, ila vile vya harusi atavivaa vilevile. Ni zawadi ya mke wake. Jamani!

Jumamosi, 22 Machi

Mwaka ni kesho tu. Nimeamka nikawaza: mwakani wakidai picha tena? Simu mpya nayo si imeshaanguka mara mbili wiki hii? Hofu ikanirudia yote. Nimekaa, nimetulia, nimetafakari kosa letu lilikuwa wapi. Nimelipata. Plasta.

Basi leo, kidonda kimepona, uso safi kama wa mtoto, nimempeleka Laazizi kwa mpiga picha. Sanduku tulilipitia kwa Dada. Dada alitaka kusema neno, nikamwahi kwamba nina haraka. Picha ishirini! Mpiga picha kaongeza pazia la theluji. Mwaka mzima ujao nimeshaumaliza, na tarehe nimeziandika. Laazizi kabla ya kila picha alinitazama na kuanza kusema, mke wangu, halafu akaacha. Ananionea fahari.

Sanduku nimelirudisha kwa Dada. La nini ndani?

Picha zimetoka vizuri ajabu. Sura haina alama hata moja, nimeikagua kwa kioo cha kukuzia. Yule paka sasa ametuzoea, safari hii hakuondoka. Amelala miguuni petu bustanini, maporomokoni, kwenye ngazi na kwenye theluji, picha zote ishirini, mkia juu ya kiatu cha Laazizi. Amependeza sana.

Nani atamtazama paka?